Bei ya Bunduki, Bei ya Risasi

Anayetaka kujifunza kulenga shabaha kwa kujifurahisha huku Marekani, na fedha zake ni za kuhesabu, aanze na bunduki ya kaliba ya .22. Nalisema hilo mapema kwa sababu dukani ataambiwa mengine. Ataonyeshwa bunduki nyeusi zenye reli na vishikio, atapewa habari za kujilinda, za kuwinda paa, za vikosi vya jeshi vilivyotumia aina ile ile. Hayo yote yana mahali pake. Lakini mtu anayetaka kutoboa karatasi Jumamosi asubuhi na kuuona mkono wake ukizidi kutulia mwezi hadi mwezi hana haja nayo. Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka katika kiwanda cha Stevens, Massachusetts, mwaka 1887, na mpaka leo haijatokea nyingine inayofundisha vizuri kuliko hiyo kwa bei yake.

Siri yake imo katika namna inavyowaka. Risasi za bunduki kubwa zina fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda, na pini ya bunduki hupiga hapo. Risasi ya .22 haina kitu hapo katikati. Dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo mwembamba unaozunguka kitako cha ganda, na pini huuponda ukingo huo kwenye mdomo wa mtutu wa nyuma hadi dawa ilipuke na kuwasha baruti. Mbinu hii ilianzia Ufaransa mwaka 1845 kwa Louis-Nicolas Flobert, aliyetengeneza risasi ndogo za kulengea shabaha ndani ya nyumba. Mwaka 1857 Smith & Wesson wakaitumia katika bastola yao ya kwanza.

Ukingo ukiwa mnene haupondeki, kwa hiyo ganda zima lazima liwe la bati jembamba la shaba, na bati jembamba halivumilii mgandamizo mkubwa. Ndiyo maana .22 imebaki ndogo. Kichwa cha risasi ya kawaida kina gramu 2.6 tu, bunduki haikupigi bega, na kiwanda kinaweza kutengeneza mamilioni ya risasi kwa gharama ya chini. Ganda likishatumika haliwezi kujazwa tena, hutupwa. Na mara moja moja dawa huwa haikusambaa sawasawa kwenye ukingo, pini inapiga na bunduki inakaa kimya. Hapo usifungue haraka. Iache bunduki imeelekea kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe risasi, kwa maana zipo zinazochelewa kuwaka.

Sasa tupige hesabu ambayo wauzaji wengi hawaipigi mbele ya mteja. Chukua mtu anayekwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi na kupiga risasi 200 kila mara. Kwa mwaka ni risasi 4,800. Risasi ya .22 ya kawaida ikimgharimu senti 8, mwaka utamla dola 384. Akiwa na bunduki kubwa ya kaliba ya 5.56, ambayo risasi yake moja huweza kufika senti 50, mazoezi yale yale yatamla dola 2,400. Bunduki yenyewe ya .22, mpya na nzuri, inapatikana kwa dola 250 hadi 400. Maana yake ni kwamba kabla mwaka haujaisha, risasi zitakuwa zimekula fedha karibu sawa na bunduki au kuipita, na mwaka wa pili hakuna ubishi tena. Kwa hiyo bunduki ya bei nafuu ichaguliwe kwa swali hili: itaniachia kiasi gani cha kununulia risasi, na je, itazitumia vizuri risasi za bei nafuu?

Watu husema rahisi ni ghali. Kwenye bunduki za .22 usemi huo haukai vizuri. Mgandamizo ni mdogo, chuma hakichoki haraka, mtutu hudumu kwa maelfu na maelfu ya risasi, na mashine za leo huchonga mtutu wa dola 250 kwa usahihi ambao mpigaji wa kawaida hataumaliza kwa miaka mingi. Unachokikosa kwenye bunduki ya bei ya chini ni mbao nzuri, chuma kilichong'arishwa na kifyatulio laini. Hicho cha mwisho ndicho cha kuangalia kwa makini.

Kifyatulio kizito kinamharibia mwanafunzi kila kitu. Bunduki ikiwa na uzito wa pauni 6 na kifyatulio nacho kinataka nguvu ya pauni 6 au 7 kuvutwa, kidole kitaisogeza bunduki yote kabla risasi haijatoka, na mtu atadhani macho yake ni mabovu. Watengenezaji wa kampuni ya Savage walilielewa jambo hili. Bunduki yao ya Mark II, inayotengenezwa Lakefield, Ontario, nchini Kanada, ina kifyatulio ambacho mwenyewe anaweza kukilegeza nyumbani, bila fundi, na bila kuhatarisha usalama. Ni bunduki ya kitako cha plastiki, haina urembo wowote, magazini yake ya bati inaonekana ya kitoto. Lakini inapiga pale unapolenga, na kwa bei yake ningeiweka mbele ya nyingi zinazoizidi sura.

Mark II ni ya kukoki kwa mkono: unainua wenzo, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele, risasi mpya inaingia. Msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi aanze na aina hii. Kila risasi inamdai kitendo, na kitendo hicho kinampa nafasi ya kuvuta pumzi na kujiuliza ile iliyopita ilikwenda wapi. Bunduki inayojikoki yenyewe humfanya apige ya pili kabla hajaielewa ya kwanza, na kisanduku cha risasi 50 kinaisha akiwa hajajifunza chochote. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Bunduki inayojikoki inategemea nguvu ya risasi yenyewe kusukuma mtambo, kwa hiyo risasi dhaifu au yenye nta nyingi huikwamisha. Ya kukoki kwa mkono haijali; inakula risasi yoyote ya kaliba yake, na mwenye bajeti ndogo anahitaji uhuru huo.

Hata hivyo sitakuwa mkweli nikipita bila kuitaja Ruger 10/22. Ilianza kuuzwa mwaka 1964, inajikoki yenyewe, na magazini yake ya risasi 10 imebuniwa kwa ustadi mkubwa: risasi hujipanga kwenye gurudumu dogo ndani, hivyo magazini inajificha kabisa tumboni mwa bunduki bila kuning'inia. Zimetengenezwa kwa mamilioni, na kwa sababu hiyo vipuri vyake viko kila mahali. Kitako, mtutu, kifyatulio, vyote vinabadilishwa na mwenyewe kwa bisibisi na subira. Hapo ndipo pia mtego ulipo. Mtu ananunua bunduki ya dola 300, baada ya miezi sita ameiongezea vipuri vya dola 600, na hajawahi kutumia hata dola 100 kwa risasi za mazoezi. Ukiinunua, iache kama ilivyo mwaka wa kwanza.

Marlin Model 60, iliyoanza mwaka 1960, ndiyo ilikuwa bunduki ya kijana wa shambani Marekani kwa zaidi ya nusu karne. Haitengenezwi tena, lakini zilizotumika zimejaa madukani. Risasi zake hupangwa kwenye bomba refu chini ya mtutu. Ni bunduki njema, ila bomba hilo linadai uangalifu wa pekee: risasi moja inaweza kubaki ndani bila kuonekana, na mtu akadhani bunduki ni tupu. Kwa nyumba yenye watoto ningependelea bunduki ambayo magazini yake inatoka mkononi na chemba yake inaonekana waziwazi. Bunduki za Henry za kukoki kwa wenzo wa chini, zile zinazowakumbusha watu filamu za ng'ombe na farasi, nazo zinatumia bomba. Zinapendeza sana kupiga, na anayezipenda kwa moyo wake asizuiwe.

Ukiweza kufika dola 500 au 600, kuna CZ 457 kutoka mji wa Uherský Brod huko Cheki. Sitaficha kwamba ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mtutu wake ni sahihi, kifyatulio chake kinarekebishwa, na ukishika wenzo wake unahisi chuma kilichokaa mahali pake. Lakini tofauti ya dola 250 kati yake na Mark II ni zaidi ya risasi 3,000 kwa bei tuliyoipigia hesabu, na mwanafunzi aliyepiga risasi 3,000 kwa makini na bunduki ya bei ya chini atamshinda mwenye CZ aliyeishiwa fedha za mazoezi.

Dukani watakuonyesha pia .22 Magnum, yaani .22 WMR ya mwaka 1959, na .17 HMR iliyoletwa na Hornady mwaka 2002. Zote mbili huwashwa ukingoni, zote zina kasi zaidi. Hiyo ya .17 ni sahihi ajabu kwa yadi 100. Zote mbili bei ya risasi zake ni mara mbili, tatu au zaidi ya .22 ya kawaida. Waachie wenye kuwinda vicheche na panya wa mashambani.

Nirudi kwenye risasi, kwa sababu hapa ndipo penye utamu wa mchezo huu na ndipo wengi hupotezea fedha. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Sababu ni kwamba kila mtutu una vipimo vyake vidogo vidogo na mtetemo wake, na risasi ya .22 haiwezi kutengenezwa upya nyumbani ili iufuate mtutu, jambo ambalo wapigaji wa bunduki kubwa hulifanya. Kinachobaki ni kujaribu. Nunua visanduku vitano au sita vya chapa mbalimbali: CCI Standard Velocity, Federal, Aguila, SK, na kimoja cha Eley cha bei ya kati. Weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, lenga karatasi ya yadi 50, piga risasi tano kwa kila duara, tano nyingine duara jingine, usichanganye chapa kwenye duara moja. Halafu pima upana wa kila kundi la matundu. Chapa moja itatawanya matundu kwa inchi mbili, nyingine itayakusanya ndani ya inchi moja. Inchi moja kwa yadi 50 ni matokeo mazuri kwa bunduki ya bei nafuu. Chapa iliyokusanya vizuri ndiyo ununue boksi la 500, na ukipata mbili zinazolingana chukua ya bei ya chini.

Usishangae kama mshindi atakuwa risasi ya polepole. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi za kasi hutoka mtutuni zikiwa juu ya mwendo huo, kisha hewa inazipunguza mpaka zinashuka chini yake kabla ya kufika mbali, na katika kuvuka mpaka huo hutikiswa. Zile za kasi ya kawaida hutoka zikiwa tayari chini kidogo ya mwendo wa sauti, kwa hiyo safari yao yote ni tulivu. Wapigaji wa Olimpiki wa mita 50, ambao duara lao la alama 10 lina upana wa milimita 10.4, hutumia risasi za polepole kwa sababu hiyo hiyo. Maneno makubwa ya kasi yaliyoandikwa kwenye kisanduku hayamsaidii mtoboa karatasi.

Ningemshauri pia mtu aweke akiba ya miezi michache. Mwaka 2013, baada ya mjadala mkali wa sheria za silaha uliofuata mauaji ya shule ya Sandy Hook, watu walizinunua risasi za .22 kwa pupa mpaka rafu zikabaki tupu kwa muda mrefu, na waliokuwa na bunduki wakakaa nazo bila cha kupigia.

Kuhusu vilengeo, jifunze kwanza kwa vile vya chuma vinavyokuja na bunduki, kama macho yako yanaruhusu. Ukinunua darubini, nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya .22. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida zimerekebishwa kwa yadi 100. Ukizitumia kwa umbali mfupi, alama ya kulengea inahama juu ya shabaha kila jicho linaposogea kidogo. Za .22 hurekebishwa kwa yadi 50, na zenye ukuzaji wa mara nne zinatosha kabisa. Angalia pia urefu wa kitako: ukiishika bunduki begani, shavu lilale juu ya kitako bila shingo kunyooshwa, na kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujivuta. Wanawake na vijana wengi hupewa bunduki ndefu kuliko mikono yao, kisha huambiwa hawana kipaji.

Bunduki iliyotumika ni njia nzuri ya kuokoa fedha. Ikague kwenye mwanga. Tazama mdomo wa mtutu wa mbele usiwe na pengo, kwa kuwa ndio wa mwisho kuigusa risasi. Fungua chemba uangalie ukingo wake: bunduki ya zamani iliyofyatuliwa mara nyingi ikiwa tupu huwa na kovu pale pini ilipogonga chuma badala ya ganda, na kovu hilo hukwamisha risasi. Kutu ya juu juu inasafishika. Kutu ya ndani ya mtutu muachie mwenyewe.

Naujua uzito wa kitu hiki kwa wasomaji wangu. Wengi tumekua tukiiona bunduki begani mwa askari na mgambo, na wako miongoni mwetu, hasa waliotoka mashariki ya Kongo, ambao mlio wake unawarudishia mambo wasiyotaka kuyakumbuka. Hakuna anayepaswa kujilazimisha kwenye mchezo huu ili aonekane amezoea nchi. Anayeuingia auingie kwa hiari, na kwa sheria. Serikali ya shirikisho inamtaka mnunuzi wa bunduki ndefu dukani awe ametimiza miaka 18, ajaze fomu 4473 na kukaguliwa jina lake katika mfumo ulioanza mwaka 1998. Mwenye kadi ya kijani anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuimiliki, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, mfano akiwa na leseni halali ya uwindaji. Majimbo nayo yana yake. Illinois kwa mfano inadai kitambulisho cha mwenye silaha kabla hujanunua chochote, hata risasi. Ulizia jimbo lako kabla ya kutoa fedha. Na usithubutu kusafiri na bunduki wala risasi kwenda Kenya au Tanzania bila kibali kilichotolewa kabla hujapanda ndege. Huko ni kosa zito la jinai, na sheria haitauliza kama ilikuwa ya kuchezea.

Udogo wa .22 usimdanganye mtu. Risasi yake inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu, na inaua. Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeshalenga. Ujue kilicho nyuma ya shabaha. Vaa miwani na vizibo vya masikio, maana hata .22 inaharibu usikivu polepole. Risasi zina madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo osha mikono na uso kabla ya kula, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, hasa kama una mtoto mdogo nyumbani. Bunduki ikirudi nyumbani ifungiwe kwa kufuli ikiwa tupu, na risasi zifungiwe mahali pengine. Kabati la chuma liingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Asiyeweza kulilipia hajaweza bado kulipia bunduki.

Kupata mahali pa kupigia si kazi ngumu. Chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, bunduki ndefu na risasi zinatozwa kodi ya asilimia 11 kiwandani, na fedha hizo hurudi kwenye majimbo kuhifadhi wanyamapori. Sehemu yake hujenga na kutunza viwanja vya shabaha vya umma, kwa hiyo katika majimbo mengi utapata uwanja wenye kiingilio kidogo. Ukifika mara ya kwanza, mwambie msimamizi kuwa wewe ni mgeni. Utapewa maelekezo bila malipo. Kuna pia mafunzo ya wikiendi ya Project Appleseed, yaliyoanza mwaka 2006, ambako watu hupiga karatasi za mita 25 kwa siku mbili, wengi wao kwa .22, na kufundishwa kulala, kuketi, kutumia mkanda wa bunduki na kupumua.

Ukishaona makundi yako yanakusanyika, yapo mashindano yaliyobuniwa kwa ajili ya bunduki hizi hizi za bei nafuu. Civilian Marksmanship Program ilianzisha Rimfire Sporter mwaka 2002, na mashindano yake makubwa hufanyika Camp Perry, Ohio, kando ya ziwa Erie. Bunduki isizidi pauni 7.5, kifyatulio kisipungue nguvu ya pauni 3, na masharti hayo yamewekwa makusudi ili mwenye bunduki ya maelfu ya dola asije kuwafunika wengine. Unapiga risasi 60: umelala na umeketi kwa yadi 50, umesimama kwa yadi 25, na kila mkao una zamu ya polepole na zamu ya haraka. Katika zamu ya haraka, mwenye bunduki inayojikoki hupewa sekunde 25 kwa risasi tano. Mwenye ya kukoki kwa mkono hupewa 30.